Kiyoyozi hakitengenezi baridi: unalipia joto na maji uliyoyaruhusu kuingia ndani

Kuanzia Desemba mpaka Machi, kaskazi inapovuma na fukuto la pwani linapokataa kuondoka hata usiku wa manane, nyumba nyingi za Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Unguja huona uniti zikiyeyuka. Lawama humwendea mwenye mita au kiyoyozi chenyewe, na mara nyingi zote mbili hukosa mahali pake. Mashine inafanya kazi uliyoipa. Swali ni kazi kiasi gani uliipa, na kwa nini.

Kiyoyozi ni hamali. Hakina baridi ya kutengeneza. Kinachukua joto lililomo chumbani na kulibeba mpaka nje. Kiyoyozi kizima kisichochoka hubeba joto la takriban uniti tatu kwa kila uniti moja ya umeme (wati 1,000 kwa saa moja) kinachokula. Kwa hiyo kila joto linaloingia chumbani, liwe la bati, la ukuta wa magharibi, la jiko au la hewa ya nje inayopenya dirishani, ni mzigo ambao hamali ataubeba na wewe utamlipa. Na kwa pwani yetu kuna mzigo wa pili ambao wengi hawauoni: maji. Hewa yetu imejaa mvuke, na kuugeuza mvuke huo kuwa matone yanayodondoka kwenye mpira wa nje ni kazi inayoweza kula umeme kuliko kushusha nyuzi zenyewe. Tutalirudia hilo, maana ndipo fedha nyingi zinapopotelea.

Kwanza ujue uniti inakugharimu nini, kwa sababu hapa Tanzania majirani wawili wanaweza kulipa bei tofauti kabisa. Katika bei zilizopangwa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, mwaka 2016, mteja wa nyumbani wa matumizi madogo, yaani D1, hulipa shilingi 100 kwa kila uniti mpaka uniti 75 kwa mwezi, na shilingi 350 kwa kila uniti inayozidi hapo. Mteja wa kawaida, T1, hulipa shilingi 292 tangu uniti ya kwanza. Ongeza kodi ya ongezeko la thamani asilimia 18, tozo ya REA (wakala wa umeme vijijini) asilimia 3 na ya EWURA asilimia 1, unapata takriban shilingi 122, 427 na 356. Hujui uko kundi gani? Chukua risiti ya LUKU, yaani ya umeme wa kulipia kabla, toa kodi ya jengo kama imekatwa siku hiyo, kisha gawanya fedha iliyobaki kwa uniti ulizopata. Ikija karibu na 122 uko D1. Ikija karibu na 356 uko T1. Anayezidisha uniti 75 mwezi baada ya mwezi huhamishiwa T1, na tangu hapo hata taa ya chooni inapanda bei karibu mara tatu. Kiyoyozi kimoja tu kinatosha kukutoa D1.

Sasa tupande juu, kwenye bati.

Saa 7 mchana jua la pwani linamwaga karibu wati 1,000 kwenye kila mita moja ya mraba ya paa. Bati lililopauka au lenye kutu hunyonya sehemu kubwa ya hiyo, na linaweza kupita nyuzi 60. Watu hudhani joto hilo linashuka chini kwa hewa. Hewa ya moto haishuki, inapanda. Joto la bati hushuka kwa mnururisho, kama lile la jiko la mkaa unalolihisi usoni ukiwa umekaa mbali nalo. Bati linaimulika dari, dari inapata moto, kisha dari inakumulika wewe kitandani. Ndiyo maana chumba kinaweza kuwa na hewa ya nyuzi 30 tu, na bado mtu akahisi kama amefunikwa blanketi.

Ukishaelewa hivyo, dawa zake zinajipanga zenyewe. Ya kwanza ni kulizuia jua lisinyonywe: rangi nyeupe ya paa. Ikiwa mpya inarudisha sehemu kubwa ya mwanga wa jua, lakini vumbi na ukungu mweusi wa pwani huipunguzia nguvu mwaka hadi mwaka, kwa hiyo osha paa kila baada ya masika. Bati lenye kutu lipigwe brashi ya waya na lipakwe rangi ya kuzuia kutu kabla ya nyeupe, la sivyo rangi itabanduka kama magamba ndani ya misimu miwili. Usipake chokaa kwenye bati. Chokaa hushambulia zinki. Chokaa ni ya paa la zege, na huko inafanya kazi vizuri sana kwa fedha kidogo. Kwa ndoo ya lita 20 weka kilo 8 hivi za chokaa ya unga, nusu lita ya gundi nyeupe ya mbao, na maji mpaka iwe kama maziwa mazito. Loweka zege kidogo kwanza, paka jioni, mikono mitatu myembamba badala ya mmoja mzito, na vaa miwani na glovu kwa sababu chokaa huunguza macho. Mji wa Ahmedabad nchini India, ulioandaa mpango wa kukabili joto mwaka 2013 baada ya joto kali la Mei 2010, uliingiza upakaji wa paa nyeupe katika mpango huo mwaka 2017, tena ukianza na nyumba za watu wa kipato cha chini. Kama unavuna maji ya mvua, yamwage ya mvua mbili tatu za kwanza baada ya kupaka.

Ya pili ni kuukata mnururisho kati ya bati na dari, kwa karatasi nzito ya alumini inayong'aa. Alumini safi hupata joto, lakini hutoa mnururisho kidogo mno upande wa pili. Hapa ndipo mafundi wengi huharibu: wanaibana karatasi katikati ya bati na papi, ikagusana na bati. Ikigusana, joto linapita moja kwa moja kama kwenye sufuria, na fedha yako imekwenda. Lazima kuwe na nafasi ya hewa, sentimita 2 na nusu au zaidi, angalau upande mmoja. Na upande unaong'aa utazame chini, kwani ukitazama juu vumbi litaufunika na baada ya mwaka hauzuii kitu. Kwa nyumba iliyokwisha kuezekwa, gongomea karatasi chini ya kenchi, ukiwa ndani ya dari, na uzime umeme kwanza. Alumini na waya uliochubuka ni hatari kubwa.

Ya tatu ni kuitoa hewa ya moto iliyonasa juu ya dari. Acha matundu kwenye upenu na mengine juu karibu na mgongo wa paa, yote yakiwa na wavu wa kuzuia popo. Bila tundu la juu, la chini halina faida kubwa, maana hewa haina pa kutokea.

Wakazi wa ghorofa wenye zege juu ya vichwa vyao wana tatizo la namna yake. Zege ni zito, linajaza joto mchana kutwa na kulitoa polepole. Dari yao huwa ya moto zaidi kuanzia magharibi mpaka kama saa 6 usiku, wakati hewa ya nje imeshapoa. Ukuta wa tofali za saruji za inchi 6 nao huchelewa saa nne tano: jua linalopiga ukuta wa magharibi saa 10 jioni utalipata chumbani baada ya isha. Mtu anashangaa kwa nini kiyoyozi kinahangaika saa 3 usiku ilhali jua lilizama zamani. Kinabeba jua la jioni.

Ni ukuta upi wa kuwekea kivuli basi? Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Jua hupita utosini kama tarehe 10 Oktoba, huenda kusini, kisha hurudi utosini mwanzoni mwa Machi. Katika miezi yote ya joto kali, ukuta wa kusini ndio unaoonwa na jua la mchana, wala si wa kaskazini. Lakini usihangaike nao sana: jua la mchana liko juu mno, upenu wa sentimita 60 tu unaufunika ukuta huo karibu mita 2. Ukuta wa magharibi ndio wa kuogopa. Saa 10 jioni ya Januari upenu uleule unaufunika nusu mita tu, na saa 11 haufiki sentimita 30. Hakuna upenu utakaoshindana na jua lililoinama. Hapo kinachofaa ni kitu kilichosimama wima nje: mti, mpesheni uliotambaa kwenye waya, neti nyeusi ya kivuli ile ya kwenye vitalu vya miche, au chiki ya mianzi iliyoning'inizwa nje ya dirisha. Neno "nje" ndilo la muhimu. Pazia la ndani linapokea jua likiwa limeshapita kioo. Litakuzuilia mwanga, lakini joto limekwisha kuingia na litabaki humo. Neti iachwe sentimita 20 hivi kutoka ukutani ili upepo upite nyuma yake.

Upepo nao una anwani. Kaskazi hutoka kaskazini-mashariki, na ndio upepo wa msimu wa joto. Wajenzi wa zamani wa Lamu na Mji Mkongwe waliutegemea, pamoja na kuta nene za mawe ya matumbawe. Chumba chenye dirisha moja tu upande huo hakipati upepo hata kaskazi ikivuma kwa nguvu, kwa kuwa hewa iliyomo haina njia ya kutoka. Fungua na mlango au dirisha la upande wa pili, hata kama ni dogo.

Baada ya kivuli na upepo inakuja feni, na hapa kuna kutoelewana kunakogharimu. Feni haipozi chumba. Mota yake inaongeza joto kidogo chumbani. Inachopoza ni ngozi yako, kwa kukausha jasho na kuiondoa hewa yenye unyevu iliyokuzunguka, na mtu aliye chini ya feni inayosukuma hewa mita moja kwa sekunde anahisi nafuu ya kama nyuzi 2 hadi 3. Feni inayozunguka kwenye chumba kisicho na mtu inakula uniti bure. Panga boi la kawaida hula wati 70 hivi likiwa kasi ya juu. Saa 10 za usiku ni uniti 0.7, yaani shilingi 250 kwa bei ya T1. Yapo mapanga boi ya mota isiyo na brashi, ambayo kwenye boksi huandikwa BLDC, yanayosukuma upepo uleule kwa wati 30 hivi. Hizo ni shilingi 107 kwa usiku.

Panga boi likianza kuzunguka kwa uvivu, kabla ya kununua jingine badilisha kapasita yake. Ni kidude kidogo cha maikrofaradi 2.5 mara nyingi, thamani yake imeandikwa ubavuni. Ikichoka mota inakosa nguvu ya kuzunguka vizuri na inapata moto. Nunua yenye namba ileile. Kuweka kubwa zaidi ili feni "ikimbie" ni kuiunguza mota.

Kuhusu feni za maji, zile zenye tangi na pedi za majani au karatasi: hazifai pwani, na zinafaa sana Dodoma. Pedi inapoza hewa kwa kuivukizia maji, na hewa inaweza kupoa tu mpaka ifike kiwango cha kushiba mvuke. Hewa ya nyuzi 31 yenye unyevu wa asilimia 35, kama ya Dodoma kabla ya mvua, inaweza kushuka mpaka kama nyuzi 20, na mashine ya kawaida itakupa 23 au 24. Hewa ya Dar ya nyuzi 32 yenye unyevu wa asilimia 65 haiwezi kupita chini ya 26.6; mashine ikijitahidi itakupa 28, huku chumba kikiwa kama bafu baada ya maji ya moto. Kuweka barafu mbele ya feni ni mbaya zaidi kwa mahesabu. Kilo moja ya barafu ikiyeyuka inabeba joto ambalo kiyoyozi kidogo hulibeba kwa dakika 2, na friji iliyoigandisha imeshatupa joto zaidi ya hilo humohumo ndani.

(Kwa ndugu zetu walioko Maskati sheria inabadilika. Mchana hewa ya huko ikipita nyuzi 40, feni peke yake inakupulizia joto kuliko ngozi yako, na kufungua dirisha ni kuongeza mzigo. Huko nyumba hufungwa mchana.)

Turudi kwenye maji. Usiku wa Februari, nje kuna tuseme nyuzi 30 mapema usiku, na unyevu wa asilimia 80. Kila mita moja ya ujazo ya hewa hiyo ina gramu 24 hivi za mvuke. Chumbani unataka nyuzi 26 na unyevu wa asilimia 55, yaani gramu 13. Kwa hiyo kila mita ya ujazo inayopenya inakuja na gramu 11 za maji ya kutolewa. Chumba cha mita 3.6 kwa 3.6 chenye dari ya mita 2.7 kina mita za ujazo 35. Kama madirisha yake ni ya luva, na juu yake yapo yale matundu ya hewa ya zamani, hewa yote ya chumba inaweza kubadilika mara tatu kwa saa bila wewe kuhisi upepo wowote. Piga hesabu: zaidi ya lita moja ya maji kila saa. Kuigeuza lita moja ya mvuke kuwa maji ni kubeba joto la uniti 0.68. Zaidi ya robo ya nguvu ya kiyoyozi cha BTU 9,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza) inakwenda kwenye mvuke huo, kabla hakijagusa joto la paa wala la ukuta.

Kipimo cha hili hakihitaji fundi. Chukua ndoo ya lita 10, weka mpira wa maji wa kiyoyozi ndani yake saa mbili baada ya kukiwasha, ili maji ya mwanzo yaliyotoka kwenye magodoro na mapazia yasihesabiwe. Angalia baada ya saa 8. Watu wawili waliolala kwenye chumba kilichozibwa vizuri watakupa lita 2 au 3. Ndoo ikijaa, unapoza hewa ya mtaa. Tofauti ya lita 7 ni karibu uniti 1.6 kwa usiku, shilingi 570, au 17,000 kwa mwezi.

Kuziba kwenyewe ni kazi ya Jumamosi moja. Luva hazizibiki kwa kuzifunga tu. Zifunike kwa karatasi nzito ya plastiki inayoona, ibanwe kwa fremu ya mbao inayotoka, ili kaskazi ikivuma na hakuna kiyoyozi uweze kuziondoa. Madirisha ya alumini ya kusukuma yana brashi pembeni zinazochakaa, badilisha. Matundu juu ya dirisha yapigwe ubao na silikoni. Tundu la ukutani walikopitisha mabomba ya kiyoyozi mara nyingi limeachwa wazi, na ndilo la kwanza kuangalia. Dari ya mbao yenye nyufa nayo inavuta hewa ya moto ya juu. Chini ya mlango acha sentimita moja kuelekea sebuleni, watu wapate hewa. Na katika chumba kilichozibwa hivi jiko la mkaa lisiingie hata kwa dakika, wala jenereta isikae karibu na dirisha; hewa ya sumu haina harufu na huua watu usingizini.

Kwa sababu hiyohiyo, kufungua madirisha mchana kutwa kisha kuwasha kiyoyozi usiku kunaleta hasara ndogo ambayo haionekani: godoro, nguo na mapazia hunywa mvuke siku nzima, kisha kiyoyozi kinaukamua. Chumba cha kiyoyozi kifunguliwe asubuhi saa 12 hadi saa 3, kifungwe mchana na chiki ikiwa chini, kifunguliwe tena jua likizama ili kuta zimwage joto lake, feni ikisaidia, kisha kifungwe na kiyoyozi kiwashwe saa 3 au 4 usiku.

Ukubwa wa mashine. Kadirio la BTU 600 kwa mita moja ya mraba linatosha kwa chumba chenye dari nzuri. Chumba chetu cha mita za mraba 13 kinahitaji BTU 7,800 hivi, kwa hiyo mashine ya 9,000 inakitosha. Wauzaji wengi watakusukumia 12,000 au 18,000 "ili kipoze haraka". Mashine kubwa mno isiyo ya inveta hushusha nyuzi kwa dakika chache, inazima, inawaka tena, na katika vipindi hivyo vifupi haipati muda wa kukamua mvuke. Unabaki na chumba baridi chenye unyevunyevu, unashusha rimoti mpaka 18 ukitafuta nafuu, na ukungu unaota nyuma ya kabati. Inveta hupunguza mwendo badala ya kuzima, kwa hiyo inakamua vizuri na inakula kidogo. Usome kibandiko ubavuni: gawanya wati za kupoza kwa wati za umeme. BTU 12,000 ni wati 3,517. Ikila wati 1,080 unapata 3.26, ya wastani. Chini ya 3 iache dukani. Kenya wana lebo ya nyota kwa viyoyozi chini ya kanuni za mwaka 2016, na mnunuzi wa Mombasa aanze kwa kuhesabu nyota.

Kwa makadirio ya saa 8 za usiku: kiyoyozi cha BTU 12,000 kisicho cha inveta katika chumba kinachovuja hula uniti 6 hivi, shilingi 64,000 kwa mwezi kwa T1. Inveta ya 9,000 katika chumba kilekile kilichozibwa, rimoti ikiwa 26 na panga boi likizunguka polepole, hula uniti 3 au pungufu, yaani shilingi 32,000 au pungufu.

Hiyo 26 si ubahili. Usiku wa manane nje kuna nyuzi 27. Ukiweka 26, tofauti kati ya ndani na nje ni nyuzi 1, na joto halina haraka ya kuingia. Ukiweka 20, tofauti ni 7, na kila ukuta unasukuma joto ndani mara saba ya hapo. Feni inakupa zile nyuzi 2 au 3 ulizokuwa unazitafuta, kwa wati 30. Kuweka 16 hakuharakishi kitu kwenye mashine isiyo ya inveta. Inapoza kwa nguvu ileile moja, tofauti ni kwamba haijui pa kuishia. Na hofu kwamba kuwasha upya kunakula umeme mwingi haina msingi: ule mkondo mkubwa wa kuanzia hudumu chini ya sekunde moja au mbili. Ukitoka kwa saa nzima, zima.

Sasa gesi. Kila Novemba watu hulipia "kujaza gesi" kama wanavyobadilisha oili ya gari. Gesi ya kiyoyozi haiishi kwa kutumika. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, na ikipungua kuna mahali inavuja. Fundi anayejaza bila kutafuta tundu anakuuzia gesi ambayo ataiuza tena mwakani, na katikati ya hapo mashine inazunguka muda mrefu zaidi kwa ubaridi mdogo. Aanze kwa kupaka povu la sabuni kwenye nati za mabomba, kwani ndipo mivujo mingi ilipo, hasa pale koo la bomba lilipotanuliwa vibaya. Akimaliza kuziba, avute hewa yote kwa pampu ya vakyumu kwa nusu saa hivi, aifunge, na sindano ya geji ibaki palepale. Kuna wanaofukuza hewa kwa kuachia gesi kidogo badala ya kutumia pampu. Unyevu unaobaki hugeuka asidi ndani ya oili na kuila kompresa taratibu. Mwisho apime gesi kwa mizani, kwa gramu zilizoandikwa kwenye kibandiko, badala ya kukisia kwa kushika bomba. Mashine za mtumba zenye R22 uziepuke: chini ya Mkataba wa Montreal nchi zetu zinaiondoa sokoni gesi hiyo kufikia 2030, na bei yake haitashuka. Gesi ya R32 nayo inaweza kushika moto, kwa hiyo fundi asivute sigara wala kulehemu bomba lenye gesi ndani.

Bomba likiganda barafu, kabla ya kuita mtu toa machujio uyaoshe kwa maji na sabuni. Kipindi cha kaskazi yaoshwe kila wiki mbili. Kompresa ikinguruma bila kuanza kisha ikazima, huenda utaambiwa imekufa. Mwombe apime kapasita kwanza, ya maikrofaradi 30 au 35 kwa mashine nyingi za 12,000. Mashine ya nje iwe kivulini lakini isifungiwe: sentimita 10 nyuma yake na si chini ya 60 mbele. Walio karibu na bahari waioshe kwa maji baridi ya presha ndogo kila miezi mitatu, umeme ukiwa umezimwa, kabla chumvi haijala mapezi ya alumini.

Na mwenye chumba na sebule, aliye D1, bila kiyoyozi? Kwake hesabu ni kali kuliko kwa mtu yeyote. Friji ndogo uniti 30 kwa mwezi, televisheni 9, taa 5, na panga boi moja la wati 70 kwa saa 12 kila siku 25. Jumla 69. Akiongeza panga boi la pili la aina ileile sebuleni anafika 94: zile 75 za kwanza ni shilingi 9,150, na 19 zilizozidi ni 8,113, jumla 17,263. Akiendelea hivyo miezi kadhaa na kuhamishiwa T1, uniti zilezile 94 zitamgharimu karibu 33,500. Angeweka mapanga boi mawili ya wati 30, jumla yake ingekuwa 66, na bili ingekuwa 8,052.